MAARIFA YA BWANA SHAMBA
Tulipolala katika kibanda cha mlimani

Ndugu msomaji,

Mara ya mwisho tulizungumza habari za kupogoa kahawa. Leo tutaweka kisu chini kidogo. Nataka nikueleze safari niliyofanya na wakulima 8 wa kikundi chetu. Tulipanda Mlima Kilimanjaro, tukalala katika vibanda vya mbao. Hatukufika kileleni, wala hatukwenda kwa ajili ya kilele. Tulikwenda kuona maji ya mashamba yetu yanatoka wapi. Lakini tulijifunza na jambo lingine ambalo hatukulipanga. Jambo hilo karibu litutoe roho ya mwenzetu.

Soma pole pole. Ukimaliza, msomee na jirani yako.

Vibanda hivyo viko wapi?

Njia zinazopanda Kilimanjaro ni kadhaa. Njia ya Marangu ndiyo yenye vibanda vya kulala wageni. Katika njia nyingine watu hulala katika mahema. Ukitoka lango la Marangu unatembea msituni karibu kilometa 8, unafika Mandara. Mandara iko juu kiasi cha mita 2,700 kutoka usawa wa bahari. Siku ya pili unatembea karibu kilometa 12 na kufika Horombo. Hapo ni karibu mita 3,700. Kituo cha tatu ni Kibo, chenye jengo la mawe, karibu mita 4,700. Wanaokwenda kileleni huondoka hapo usiku. Kilele cha Uhuru kina mita 5,895. Hakuna mahali palipo juu zaidi katika Afrika nzima.

Majina hayo yana historia. Mwaka 1889 Mjerumani Hans Meyer na mwenzake Ludwig Purtscheller walifika kileleni. Mzee Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu anakumbukwa mpaka leo kuwa aliwaongoza. Baadaye Wajerumani walijenga vibanda viwili. Kimoja wakakiita Bismarck na kingine wakakiita Peters. Huyo Carl Peters alikuwa mtu katili sana kwa wananchi. Watu walimwita Mkono wa Damu. Hata serikali yake yenyewe ilimfukuza kazi mwaka 1897 kwa ukatili wake. Baada ya Uhuru majina hayo yalifutwa. Sasa vituo hivyo vina majina ya watawala wa zamani wa Uchaggani, Mangi Mandara na Mangi Horombo. Kwa hiyo ukilala Horombo unalala katika jina la mwenyeji.

Usiku wa kwanza: Mandara

Tulifika Mandara saa 10 alasiri. Njiani tuliona mbega wenye mikia mirefu myeupe. Tuliona miti mikubwa iliyovaa ndevu za kuvu. Chini ya miti udongo ulikuwa mweusi na laini kama mbolea iliyooza vizuri. Nilichukua udongo mkononi nikaukamua. Ukatoa maji. Nikawaambia wenzangu, "Tazameni, hili ndilo tangi letu."

Ndugu msomaji, msitu ule hunywa mvua na kuitunza. Hata siku isiyo na mvua, ukungu hupita katika majani na kudondoka chini tone moja moja. Maji huzama ardhini polepole, kisha hutokea chini katika chemchemi. Kutoka huko huingia katika mifongo yetu na kufika kwenye migomba na kahawa. Mzee mmoja katika kikundi amelinda zamu ya mfongo kwa miaka mingi. Alisimama akatazama maji yakitiririka kwenye mizizi. Akasema, "Kumbe sisi tunagombania kikombe, na mtungi uko huku."

Kibanda chenyewe ni kidogo. Kimejengwa kwa mbao, na paa lake limeshuka mpaka karibu na ardhi. Ndani kuna vitanda vyenye magodoro. Hakuna blanketi. Kila mtu huja na mfuko wake wa kulalia. Taa ni ya umeme wa jua, na mwanga wake ni mdogo. Choo kiko nje. Chakula huliwa katika banda kubwa la wote. Unalala na watu usiowajua, mguu wa huyu karibu na kichwa cha yule. Basi adabu inatakiwa. Usiku usipige kelele. Viatu vyenye matope viache mlangoni. Tochi usimwangazie mwenzako usoni. Mwenzako asubuhi ana safari ndefu kama wewe.

Jioni baridi ilizidi. Mama mmoja wa kikundi chetu aliuliza, "Bwana Shamba, kwa nini hatuleti jiko hapa ndani tuote moto? Tukifunga mlango tutalala kama watoto."

Kiongozi wetu wa msafara alikuwa karibu akasikia. Akajibu kwa heshima, "Mama, tukifanya hivyo tutalala kweli. Lakini hatutaamka."

Alitueleza vizuri. Jiko la mkaa linapowaka hutoa hewa ya sumu. Hewa hiyo haina rangi wala harufu. Ukiwa umefunga mlango na madirisha, hewa hiyo hujaa chumbani. Kwanza kichwa huuma, kisha usingizi mzito hukuchukua. Ndiyo maana hairuhusiwi kuleta jiko la aina yoyote kwenye kibanda cha kulala. Kuni za msituni nazo haziruhusiwi kukatwa. Wapishi hupika kwa gesi au mafuta ya taa, tena katika jiko lililo mbali na vitanda.

Mama yule alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Na sisi nyumbani wakati wa baridi huingiza jiko chumbani kwa watoto." Ndugu msomaji, je, wewe hufanyi hivyo? Kama unafanya, acha leo. Ota moto nje au jikoni penye hewa. Usilale na jiko la mkaa, hata kama mkaa unaonekana umekufa.

Hesabu ya baridi

Siku ya pili tulitoka msituni tukaingia katika vichaka na nyasi. Hapo ndipo baridi ilipoanza kutufundisha hesabu. Hesabu yenyewe ni rahisi. Kila ukipanda mita 1,000, joto hupungua kwa karibu digrii 6. Tuseme kijijini kwako, penye mita 1,200, leo ni digrii 25. Panda mpaka Horombo penye mita 3,700. Umepanda mita 2,500. Toa digrii 15. Zimebaki digrii 10. Hapo ni mchana. Usiku maji katika sufuria huweza kuganda.

Kwa hiyo mavazi si mapambo. Vaa nguo nyingi nyepesi, moja juu ya nyingine, kuliko nguo moja nzito. Chukua koti la mvua, kofia ya sufu, glovu na soksi kavu. Nguo za kulalia zifunge katika mfuko wa plastiki, uzitunze zisilowe. Ukifika kibandani, jambo la kwanza ni kuvua nguo mbichi na kuvaa kavu. Usingoje chai. Nguo mbichi hunyonya joto la mwili kama kupe anyonyavyo damu ya ng'ombe. Watu wamekufa mlimani kwa kulowa tu na kukosa nguo za kubadili. Kandambili ziache nyumbani.

Jambo la pili ni hewa. Horombo, pumzi moja ina karibu theluthi mbili tu ya hewa unayoipata pwani. Mwili huweza kuzoea, lakini unataka muda. Ndiyo maana viongozi wa mlima husema "pole pole" tangu asubuhi mpaka jioni. Tembea kwa mwendo ambao unaweza kuzungumza bila kuhema. Kunywa maji mara nyingi. Pombe usiguse. Wengi wanaokwenda kileleni hulala Horombo siku mbili ili mwili uzoee.

Hata sufuria inajua jambo hili. Kwa kuwa hewa ni nyepesi, maji ya Horombo huchemka yakiwa na digrii 88 hivi, si 100. Yanatokota, lakini hayana moto wa kutosha. Ukipika maharage makavu utangoja mpaka uchoke. Chukua vyakula vinavyoiva upesi. Sisi tulikula uji, ndizi na viazi vilivyokatwa vidogo.

Usiku wa pili: Horombo

Sasa, ndugu msomaji, nakuja kwenye jambo lenyewe.

Katika kikundi chetu alikuwako kijana mmoja mwenye nguvu kuliko sisi sote. Kijijini hubeba mikungu miwili ya ndizi kwa mara moja. Alikuwa anataka kuanza kazi ya upagazi, ile ambayo watu wa mlimani huwaita wagumu. Basi siku ile alitaka kuonyesha ugumu wake. Kiongozi aliposema pole pole, yeye alikimbia mbele. Alifika Horombo saa nzima kabla yetu. Tukamsifu. Mimi mwenyewe nilimsifu.

Jioni hakula. Alisema chakula hakina chumvi. Baadaye alitapika nyuma ya kibanda. Alisema ni viazi. Mama yule wa jiko alimuuliza kama kichwa kinamuuma. Akasema, "Hapana mama, niko mzima." Alikuwa anasema uongo. Aliogopa tutamwona dhaifu, na kiongozi hatamtafutia kazi.

Saa 8 usiku nilisikia mlango. Kijana alikuwa anakwenda chooni. Nikamwangazia tochi. Alikuwa anayumba kama mtu aliyelewa, na hakuwa amekunywa kitu. Nikamwita kwa jina. Alinijibu maneno yasiyoeleweka.

Nikamwamsha kiongozi. Yeye alimtazama, akamwambia atembee hatua kumi kwa mstari, kisigino mbele ya kidole. Kijana hakuweza hata hatua tatu. Kiongozi akasema, "Huyu anashuka sasa hivi."

Hapo ndipo nilipokosea, ndugu msomaji, nami nakuambia ili usikosee kama mimi. Nilisema, "Nje ni giza na baridi kali. Tumpe dawa ya kichwa, tungoje kupambazuke." Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa wa safari. Watu walinitazama wakanyamaza. Muda ulipita.

Yule mama akasimama. Akasema, "Bwana Shamba, wewe kila siku hutuambia, ukiona jani lina ugonjwa usingoje shamba zima liugue. Leo wewe unangoja nini?"

Sikuwa na jibu. Tulitoka.

Askari wa hifadhi walitupa machela yenye gurudumu. Tukamfunga kijana katika mifuko miwili ya kulalia. Kiongozi alikwenda mbele na taa. Wapagazi wanne walishika machela kwa zamu, nami nilishika pamoja nao. Tulishuka gizani, jiwe kwa jiwe. Mikono ilikufa ganzi. Kwa saa ya kwanza kijana hakusema neno, na kila tulipopumzika niliweka sikio langu karibu na kinywa chake nisikie kama anapumua. Nilimfikiria mama yake. Nilifikiri nitamwambia nini.

Vichaka vilipoanza kuwa virefu, alifungua macho akauliza tuko wapi. Tulipoingia msituni aliomba maji. Jua lilipotoka tulikuwa Mandara. Alikuwa amekaa na ameshika kikombe cha chai, huku akiona haya. Tulikuwa tumeshuka mita 1,000 tu. Mita hizo ndizo zilizomponya. Siku hiyo hiyo tulimfikisha kwa daktari, naye akatuambia kwamba kama tungengoja asubuhi, huenda tungeshusha maiti.

Dalili za ugonjwa wa mlima

Ukienda mlimani, au mwanao akienda kufanya kazi huko, yajue haya.

Dalili za mwanzo: kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, kuchoka sana na kukosa usingizi. Ukiwa nazo, usipande zaidi. Pumzika hapo hapo, kunywa maji, mwambie kiongozi wako. Zikizidi, shuka.

Dalili za hatari: kuyumba, kuchanganyikiwa, kuhema hata ukiwa umekaa, kukohoa na kutoa mate yenye povu. Ukiziona kwa mtu, mshushe mara moja, iwe mchana au usiku. Usimwache ashuke peke yake. Kumshusha ndiyo dawa ya kwanza.

Kumbuka pia kwamba ugonjwa huu hauchagui. Huweza kumkamata kijana na kumwacha mzee. Yule mzee wetu wa mfongo alitembea pole pole safari yote, akalala vizuri.

Kwa vijana wanaotaka upagazi

Kazi hii ni halali, na inasomesha watoto wengi. Lakini ijue kabla ya kuifanya. Mzigo wa mpagazi umewekewa kiwango cha kilo 20, na mizigo hupimwa langoni. Usikubali kubebeshwa zaidi kwa siri. Uliza mapema kama utapata chakula, mahali pa kulala na malipo yako ni kiasi gani. Usipande bila viatu, koti na nguo kavu. Na ukiumwa, sema. Mshahara wa siku moja haununui jeneza.

Na msitu je?

Tuliporudi kijijini tulifanya mkutano. Tulizungumza habari ya kijana, kisha tukazungumza habari ya maji. Mwezi Oktoba 2020 moto mkubwa ulizuka mlimani, katika sehemu ya vichaka juu ya Mandara. Uliwaka siku nyingi. Wanafunzi, askari wa hifadhi na wanavijiji walipanda kwenda kuuzima. Tulipopita huko tuliona bado miti mingine imesimama mikavu, myeusi. Vichaka vile ndivyo vinavyokamata ukungu. Vikiungua, tone la maji halina pa kushika.

Kwa hiyo kikundi chetu kilikubaliana mambo matatu. Hakuna kurina asali kwa mwenge karibu na msitu. Hakuna kuchoma mabaki ya shamba wakati wa upepo wa kiangazi. Na kila kaya itapanda miti kando ya mfongo wake, isiyopungua kumi. Mimi nimeahidi kuleta miche.

Kijana yule sasa anafanya kazi ya upagazi. Mwezi uliopita alipita ofisini kwangu. Akaniamkia, akaketi. Akasema, "Bwana Shamba, juzi nilimwona mwenzangu anayumba pale Horombo. Alisema yuko mzima. Nikamwambia hata mimi nilisema hivyo hivyo. Tukamshusha."

Nilifurahi kuliko siku niliyoona kahawa yangu ya kwanza inaiva.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Kwa nini si vizuri kulala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa?
2. Kijana alificha ugonjwa wake. Kwa nini? Je, katika kijiji chetu watu huficha ugonjwa kwa sababu gani?
3. Maji ya kijiji chetu yanatoka wapi? Nani anapalinda mahali hapo?
4. Fanya hesabu: kama kijijini ni digrii 28, itakuwa digrii ngapi ukipanda mita 2,000?

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutazungumza habari za kutayarisha kitalu cha miche ya miti. Tayarisha samadi mapema.

Ni mimi,
Bwana Shamba wako